Kihon, Kata na Kumite: Jinsi Mafunzo ya Karate Yalivyopata Umbo Lake

Mafunzo ya karate ya Kijapani yana sehemu tatu. Ya kwanza ni kihon, yaani mbinu za msingi: misimamo ya miguu, ngumi, mateke na namna za kupangua mapigo. Ya pili ni kata, mfululizo wa mapigo na kinga uliopangwa tangu mwanzo hadi mwisho, ambao mwanafunzi huucheza peke yake kana kwamba amezungukwa na wapinzani. Ya tatu ni kumite, mazoezi ya kupambana na mwenzake ana kwa ana. Dojo nyingi, yaani kumbi za mazoezi, ziwe za Naha, Tokyo au Dar es Salaam, hufuata mpangilio huo: mgeni huanzishwa kwa kihon, kisha hupewa kata, na kumite humfikia mwishoni.

Kwa kuwa mpangilio huo hufundishwa kwa taadhima na maneno yake yote ni ya Kijapani, wanafunzi wengi hudhani umerithiwa mzima kutoka zama za kale. Historia inaonyesha vingine. Kata ndiyo kongwe. Kihon, kama zoezi linalojitegemea, ilichambuliwa kutoka ndani ya kata baada ya karate kuingia shuleni. Kumite ya leo ni ya karne ya 20, na ilistawi zaidi mikononi mwa wanafunzi wa vyuo vikuu. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanyika kati ya mwaka 1901, karate ilipoanza kufundishwa katika shule ya msingi ya Shuri, na mwaka 1957, yalipofanyika mashindano makubwa ya kwanza ya Chama cha Karate cha Japani.

Sanaa ya ufalme wa Ryukyu

Karate haikuzaliwa katika visiwa vikuu vya Japani bali Okinawa, kisiwa kikubwa kuliko vyote katika funguvisiwa la Ryukyu, lililotandaa kati ya Kyushu na Taiwan. Mwaka 1429 mfalme Sho Hashi aliziunganisha tawala tatu za kisiwa hicho chini ya kiti kimoja cha enzi kilichokuwa Shuri. Chini ya mlima wa Shuri, bandari ya Naha iliishi kwa biashara ya China, Japani, Korea na nchi za Kusini Mashariki mwa Asia. Katika mtaa wa Kume, Naha, walikaa watu wenye asili ya jimbo la Fujian, waliokuwa wakarani, manahodha na wakalimani wa biashara hiyo. Mwaka 1609 jeshi la ukoo wa Shimazu kutoka Satsuma liliivamia Ryukyu. Tangu hapo ufalme ukatumikia mabwana wawili: ulilipa kodi Satsuma, huku ukiendelea kupeleka wajumbe na zawadi kwa mfalme mkuu wa China.

Simulizi iliyoenea sana inadai kwamba karate ilibuniwa na wakulima walionyang'anywa silaha na watawala wao. Majina yaliyohifadhiwa hayaungi mkono dai hilo. Walimu wengi wanaojulikana wa karne ya 19 walitoka katika tabaka la pechin, watumishi wa serikali ya mfalme, watu wenye elimu, muda na nafasi ya kusafiri. Matsumura Sokon, ambaye karibu walimu wote wa Shuri waliofuata humtaja kuwa babu yao katika fani, alikuwa mlinzi wa wafalme wa Ryukyu.

Mchango wa China ni dhahiri. Kumbukumbu iitwayo Oshima Hikki, iliyoandikwa mwaka 1762 baada ya meli ya Ryukyu kusukumwa na dhoruba hadi pwani ya Tosa, inamtaja Mchina aitwaye Kusanku aliyefika Okinawa na wanafunzi kadhaa na kuonyesha ustadi wa kupigana kwa mikono. Jina lake limebaki katika kata mojawapo iliyo ndefu kuliko nyingi. Mbinu za wenyeji ziliitwa te, yaani mkono, na zile zilizochanganyika na za Kichina zikaitwa tode, mkono wa China. Baadaye watu walizigawanya kwa miji mitatu iliyokuwa karibu karibu: Shuri-te, Naha-te na Tomari-te.

Ufundishaji wa wakati huo ulifanyika faraghani. Mwalimu alikuwa na wanafunzi wachache, mara nyingine mmoja tu, na mazoezi yalifanyika uani usiku au alfajiri. Hapakuwa na vazi rasmi, mikanda wala madaraja. Funakoshi Gichin, mwalimu wa shule aliyezaliwa Shuri mwaka 1868, alieleza katika kumbukumbu zake jinsi alivyokuwa akitembea gizani na kandili kwenda nyumbani kwa mwalimu wake Azato Anko, na kurudia kata ileile usiku baada ya usiku, miezi ikapita bila kuruhusiwa kuendelea na nyingine.

Kata kama chanzo

Katika mfumo huo kata ndiyo ilikuwa somo lenyewe. Vitabu vya mbinu vilikuwa adimu, na ilikuwa hatari kuandika siri za ukoo au za mwalimu. Mwili wa mwanafunzi ndio uliohifadhi maarifa. Kila kata ilibeba fungu la mbinu: jinsi ya kushika mkono wa adui na kumvuta, kumpiga kwa kiwiko, kumvunja kiungo, kumwangusha, kumponyoka anaposhika nywele au vazi. Mwalimu alifundisha kwanza mfuatano wa miondoko, kisha, kwa aliyemwamini, akafichua matumizi yake. Uchambuzi huo wa matumizi huitwa bunkai.

Kata za Shuri na Tomari, kama vile Naihanchi, Passai na Kusanku, hupendelea wepesi, mistari iliyonyooka na kubadilisha mwelekeo ghafla. Naihanchi huchezwa kwenye mstari mmoja wa kulia na kushoto, magoti yamekunjwa na miguu imepanuliwa, na kwa hiyo ikawa chombo cha kujenga nyonga na mapaja. Funakoshi aliandika kwamba kata tatu za Naihanchi zilimchukua takriban miaka kumi. Katika zama hizo mtu aliyejua kata tatu au tano alihesabiwa kuwa amesoma, mradi alizijua hadi ndani.

Naha ilikuwa na urithi mwingine. Higaonna Kanryo, aliyezaliwa mwaka 1853, alisafiri hadi mji wa Fuzhou, Fujian, akajifunza huko kwa miaka kadhaa, kisha akarudi na kufundisha kata ya Sanchin. Kata hii ina miondoko michache sana: hatua chache mbele, kugeuka, ngumi za polepole na pumzi nzito inayotoka tumboni. Ugumu wake uko katika kukaza mwili wote bila kupoteza pumzi. Mwanafunzi husimama miguu imeelekea ndani kidogo, magoti yamebana, naye mwalimu humzunguka akimpiga kwa viganja mabegani, mgongoni na mapajani ili kuona kama amekaza ipasavyo. Wanafunzi wa Higaonna walikaa na Sanchin kwa miaka kabla ya kupewa kata nyingine.

Sambamba na kata palikuwa na mazoezi ya kuimarisha mwili yaitwayo hojo undo. Chombo maarufu zaidi ni makiwara, ubao uliosimikwa ardhini, ukafungwa kamba ya majani ya mpunga mahali pa kupigia. Ubao huo hunepa kidogo unapopigwa, na hivyo humfundisha mpigaji kupenyeza nguvu badala ya kugonga juu juu. Kulikuwa pia na chiishi, jiwe lenye mpini wa mti kwa ajili ya vifundo vya mikono na mabega, na mitungi ya udongo iliyojazwa mchanga na kubebwa kwa ncha za vidole. Wawili wawili waligonganisha mikono ili kuizoesha maumivu, au walifanya kakie, zoezi la kugusana vifundo na kusukumana huku kila mmoja akitafuta upenyo wa kumyumbisha mwenzake.

Karate yaingia darasani

Mwaka 1879 serikali ya Meiji iliufuta ufalme wa Ryukyu na kuifanya Okinawa mkoa wa Japani. Tabaka la pechin likapoteza kazi na hadhi. Mwaka 1898 sheria ya kuandikisha vijana jeshini ikaanza kutumika kisiwani, na afya ya vijana ikawa jambo la serikali. Hapo ndipo Itosu Anko alipopata nafasi yake. Itosu, mwanafunzi wa Matsumura na karani wa zamani wa mfalme, alianza kufundisha karate katika shule ya msingi ya Shuri mwaka 1901, na mwaka 1905 akaipeleka katika shule ya sekondari ya mkoa.

Oktoba 1908 aliandika waraka wenye vipengele kumi akiwashauri viongozi wa elimu waieneze karate. Alisema karate haina uhusiano na Ubudha wala Ukonfusio, kwamba haikusudiwi kumdhuru mtu ovyo, na kwamba mtoto akiianza mapema mwili wake utakuwa imara kwa kazi ya kijeshi. Alishauri makiwara ipigwe mara mia moja hadi mia mbili kwa kila mkono, mgongo unyooke, mabega yashushwe na nguvu ikae miguuni na chini ya kitovu. Alisisitiza pia kwamba mwanafunzi ajue kila mbinu hutumika wapi na namna gani.

Darasa la watoto hamsini lilidai njia tofauti na ile ya uani usiku. Kusanku ilikuwa ndefu na ya hatari, na mbinu kama kuchoma macho au kuvunja viungo hazikufaa shuleni. Itosu akatunga kata tano fupi zinazopanda ngazi kwa ngazi, akaziita Pinan. Mikono iliyofunguliwa ilibadilishwa kuwa ngumi katika sehemu nyingi, na maelezo ya mbinu za kuua au kulemaza yakawekwa kando. Ile ya kwanza, katika mpangilio wa Shotokan, mtindo wa Funakoshi, unaoiita Heian Shodan, ina miondoko 21 tu, wakati Kanku Dai, jina la Shotokan kwa Kusanku, ina miondoko 65.

Wanafunzi wawili wa Itosu, Yabu Kentsu na Hanashiro Chomo, walikuwa wamepita jeshini. Yabu alifika cheo cha luteni na kufundisha katika chuo cha ualimu cha Okinawa. Kwa walimu wa aina hiyo karate ilipata sura ya kwata: wanafunzi wamejipanga kwa safu, mwalimu anahesabu kwa sauti, wote wanapiga kwa pamoja na kugeuka kwa amri. Katika hali hiyo ilikuwa rahisi kukata kipande kimoja cha kata, tuseme ngumi ya kusonga mbele, na kukirudia mara ishirini kwa safu nzima. Huo ndio mwanzo wa kihon kama somo.

Naha nako mabadiliko yalifanyika, ingawa kwa mwendo mwingine. Miyagi Chojun, mrithi wa Higaonna na mwanzilishi wa Goju-ryu, alipanga mazoezi ya kupasha mwili moto yaliyozingatia viungo kimoja baada ya kingine, akaongeza kata ya Tensho inayotumia viganja na pumzi laini kama mwenza wa Sanchin. Mwaka 1940, mkoa wa Okinawa ulipotaka kata rahisi za kufundishia umma, Miyagi alitoa ile inayojulikana sasa kama Gekisai ya kwanza, na Nagamine Shoshin akatoa nyingine. Goju-ryu ya leo ina kata 12, na Sanchin bado ndiyo msingi wake.

Safari ya Tokyo

Machi 1921 mrithi wa kiti cha enzi, Hirohito, alipita Okinawa akielekea Ulaya, akaonyeshwa karate katika kasri la Shuri. Mwaka uliofuata Funakoshi alialikwa Tokyo kwenye maonyesho ya elimu ya viungo yaliyoandaliwa na Wizara ya Elimu. Baada ya maonyesho hayo Kano Jigoro, mwanzilishi wa judo, alimkaribisha katika shule yake ya Kodokan. Funakoshi alicheza Kusanku, na kijana wa Okinawa aliyekuwa akisoma Tokyo, Gima Shinkin, akacheza Naihanchi. Funakoshi alikuwa na miaka 53, na alikusudia kurudi nyumbani. Badala yake alibaki Tokyo, akaishi katika bweni la wanafunzi wa Okinawa akifanya kazi za ulinzi na usafi huku akifundisha.

Wanafunzi wake wapya walitoka vyuoni. Klabu ya Chuo Kikuu cha Keio ilianzishwa mwaka 1924, na nyingine zikafuata. Mwaka huohuo Funakoshi alitoa mikanda myeusi ya kwanza, akiiga mfumo wa madaraja wa judo. Vazi jeupe la mazoezi nalo lilitokana na lile la judo, likafanywa jepesi zaidi. Ili kata ziingie masikioni mwa watu wa Tokyo, alizibadilisha majina: Pinan ikawa Heian, Naihanchi ikawa Tekki, Kusanku ikawa Kanku.

Taasisi ya Dai Nippon Butokukai ya Kyoto, iliyosimamia sanaa za mapigano za Japani tangu 1895, iliikubali karate mwaka 1933 kwa masharti ya mpangilio: vazi moja, madaraja yanayoeleweka, na mitindo yenye majina. Ndiyo maana majina ya mitindo mikubwa ni ya miaka hiyo. Goju-ryu ya Miyagi ilisajiliwa mwaka 1933. Otsuka Hironori, aliyekuwa mtaalamu wa jujutsu kabla ya kujifunza kwa Funakoshi, alianzisha Wado-ryu mwaka 1934. Mabuni Kenwa, aliyesoma kwa Itosu na kwa Higaonna, aliunganisha urithi wa wote wawili mjini Osaka na kuuita Shito-ryu. Mtindo huo una kata zaidi ya 50, wakati Shotokan ya Funakoshi ilibaki na 26.

Tarehe 25 Oktoba 1936 walimu wa Okinawa walikutana Naha kwa mwaliko wa gazeti la Ryukyu Shimpo, wakakubaliana kuandika jina la sanaa yao kwa herufi zenye maana ya mkono mtupu badala ya mkono wa China. Hanashiro alikuwa ameshaandika hivyo tangu 1905, na Funakoshi alikuwa akilipigania Tokyo. Wakati huo Japani ilikuwa ikielekea vitani na China, na jina lenye kuitaja China lisingedumu. Mkoa wa Okinawa huadhimisha tarehe hiyo kuwa Siku ya Karate.

Mbinu za msingi zilivyopangwa

Kufikia mwisho wa miaka ya 1930 kihon ilikuwa imekuwa mtaala kamili. Aliyechangia sana katika Shotokan ni Yoshitaka, mwana wa Funakoshi, aliyezaliwa mwaka 1906. Alishusha misimamo chini na kuirefusha, akaongeza mateke ya juu na ya pembeni, akayapa mazoezi mwendo wa kasi uliowafaa vijana. Tofauti huonekana wazi mtu akilinganisha picha za baba na za mwana: baba husimama wima kwa namna ya Okinawa, mwana amezama hadi paja la mbele linakaribia kulala.

Mafunzo huanzia miguuni. Katika zenkutsu-dachi goti la mbele hukunjwa, mguu wa nyuma hunyooshwa, na uzito hugawanywa takriban asilimia 60 mbele na 40 nyuma. Katika kokutsu-dachi uzito hurudi nyuma, asilimia 70, ili mguu wa mbele uwe tayari kupiga. Kiba-dachi hugawa uzito sawa kwa sawa, kama mpanda farasi. Neko-ashi-dachi, inayopendwa na Shito-ryu na Goju-ryu, huweka karibu uzito wote nyuma, na unyayo wa mbele hugusa sakafu kwa vidole.

Ngumi ya msingi, choku-zuki, huanzia kiunoni kiganja kikiangalia juu, na kugeuka karibu na kufika. Mkono wa pili hurudi kiunoni kwa nguvu ileile. Kuvuta huko, hikite, hufafanuliwa katika darasa la kihon kuwa njia ya kusawazisha nguvu, lakini katika kata za zamani aghalabu ni mkono uliomshika adui na kumvuta aingie kwenye pigo. Ngumi ikienda pamoja na mguu wa upande uleule unaosonga mbele huitwa oi-zuki. Ikitoka upande wa mguu wa nyuma kwa kuzungusha nyonga huitwa gyaku-zuki, nayo ndiyo silaha kuu ya mashindano hadi leo.

Kinga za msingi ni nne au tano. Gedan-barai hufagia pigo la chini, age-uke huinua pigo la usoni, soto-uke na uchi-uke hupangua la kifuani kutoka pande mbili, na shuto-uke hutumia ukingo wa kiganja. Mateke ni mae-geri la mbele, yoko-geri la upande, mawashi-geri la kuzunguka na ushiro-geri la nyuma. Katika yote goti huinuka kwanza, na mguu hurudi upesi kabla haujashikwa.

Mbinu hizi hufundishwa kwanza mwanafunzi akiwa amesimama pale pale, kisha akisonga mbele na kurudi nyuma, kisha zikiunganishwa mbili au tatu. Kinachotafutwa ni kime, kuukaza mwili wote kwa nukta moja pigo linapofika na kuuachia papo hapo, pamoja na kiai, ukelele unaotoka tumboni kwa pumzi. Baada ya pigo hudaiwa zanshin, kubaki macho bila kulegea. Walimu wa Okinawa walijua hayo yote, lakini waliyafundisha ndani ya kata na mbele ya makiwara. Tokyo iliyatoa na kuyapa ratiba yake.

Kumite: kutoka kwa ahadi hadi uhuru

Okinawa haikukosa mapambano. Palikuwa na kake-dameshi, changamoto kati ya wapiganaji waliokutana, hasa katika mtaa wa Tsuji, Naha, uliokuwa na nyumba za starehe. Aliyejulikana zaidi kwa hayo ni Motobu Choki, mtoto wa ukoo wa kifalme, aliyezaliwa mwaka 1870. Baada ya kuhamia visiwa vikuu alimwangusha bondia wa kigeni mjini Kyoto. Jarida la King lilisimulia tukio hilo mwaka 1925, lakini mchoraji akaweka sura ya Funakoshi. Mwaka 1926 Motobu alichapisha kitabu chenye mazoezi 12 ya wawili wawili, yote ya karibu karibu, mikono ikigusana, yakitegemea Naihanchi. Ni mojawapo ya vitabu vya mwanzo kabisa vilivyoweka kumite mbele ya msomaji.

Funakoshi hakupenda mapambano huria. Aliamini kwamba pigo la karate likipigwa sawasawa humaliza, na kwamba kulifanyia mchezo ni kulipotosha. Wanafunzi wa vyuo, waliozoea kuona judo na kendo zikiwa na mechi, walikosa subira na kata. Mwishoni mwa miaka ya 1920 wale wa Chuo Kikuu cha Tokyo walijaribu kupigana wakiwa wamevaa kinga za mwili na uso, na Funakoshi akajitenga na klabu hiyo. Suluhu ilikuwa kumite ya ahadi, ambayo Otsuka, kwa ujuzi wake wa jujutsu, aliisukuma mbele mapema. Katika jujutsu na upanga, mazoezi ya wawili yenye pigo na jibu lililopangwa yalikuwa desturi ya karne nyingi.

Ngazi ya kwanza ni gohon kumite, ya hatua tano. Mshambuliaji hujiweka tayari kwa gedan-barai, hutangaza atapiga usoni au kifuani, kisha husonga hatua tano akipiga oi-zuki kila hatua. Mwenzake hurudi nyuma akipangua, na baada ya pigo la tano hujibu kwa gyaku-zuki na kiai. Sanbon kumite hupunguza hatua kuwa tatu. Kihon ippon kumite huacha moja tu: pigo limetangazwa, lakini ni moja, na anayekinga huwa huru zaidi kuchagua kinga, upande wa kukwepea na jibu. Mafunzo haya hujenga kipimo cha umbali na wakati, mambo yasiyoweza kufundishwa kwa kupiga hewa.

Katika jiyu ippon kumite wote wawili huwa wamejiweka tayari kwa mapambano, wakisogea na kutafuta nafasi. Shambulio bado hutangazwa, lakini mshambuliaji huchagua wakati wake. Mwisho ni jiyu kumite, mapambano huria, ambapo hakuna linalotangazwa. Sharti lake ni sundome, kusimamisha pigo kabla tu halijafika mwilini. Sharti hilo ndilo lililowezesha watu kupigana bila mavazi mazito ya kujikinga, na ndilo lililozua mabishano makubwa zaidi katika karate ya baada ya vita.

Baada ya vita

Dojo ya Funakoshi, Shotokan, iliungua katika mashambulizi ya ndege mwaka 1945, na Yoshitaka akafariki mwaka huohuo. Vita vya Okinawa viliua walimu wengi na kuangamiza kasri la Shuri pamoja na nyaraka. Utawala wa Marekani uliivunja Butokukai mwaka 1946. Wakati huohuo askari wa Marekani walianza kujifunza karate Japani na Okinawa, na wengi wao waliirudisha kwao.

Chama cha Karate cha Japani kiliundwa mwaka 1949, Funakoshi akiwa mkuu wa heshima. Nakayama Masatoshi, mwanafunzi wake wa Chuo Kikuu cha Takushoku, aliupanga mtaala wa kihon, kata na kumite kwa misingi ya elimu ya mwili, akaanzisha kozi ya kuandaa wakufunzi waliotumwa nchi za nje. Ndiyo maana mpangilio wa Tokyo ulienea duniani kuliko wa Okinawa. Funakoshi alifariki Aprili 1957. Oktoba mwaka huo chama kilifanya mashindano yake ya kwanza ya taifa, na Kanazawa Hirokazu akashinda kumite. Pambano liliamuliwa kwa ippon moja, pigo ambalo waamuzi walilihesabu kuwa lingemaliza kama lisingezuiwa.

Oyama Masutatsu, mzaliwa wa Korea, alilikataa pigo linalosimamishwa. Katika mtindo wake wa Kyokushin wapiganaji hupigana bila glavu kwa nguvu zote, ila ngumi za usoni zimekatazwa. Mashindano ya kwanza ya wazi ya Kyokushin yalifanyika Tokyo mwaka 1969. Upande wa pili, mashindano ya kwanza ya dunia ya karate ya pigo linalodhibitiwa yalifanyika Tokyo mwaka 1970, na kanuni zake zikaendelea kubadilika hadi kufikia alama za sasa: yuko hupata moja, waza-ari mbili, ippon tatu.

Karate iliingia Olimpiki kwenye michezo ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, katika ukumbi wa Nippon Budokan. Kata na kumite zilikuwa na medali tofauti, wachezaji tofauti na kanuni tofauti. Kiyuna Ryo wa Okinawa alishinda dhahabu ya kata kwa wanaume. Mchezo huo haukuwamo katika ratiba ya Paris mwaka 2024.

Kutenganishwa huko kwa mashindano kumewafanya wataalamu wengi wa kata wasipigane kabisa, na wapiganaji wengi waache kata mara wanapopata mkanda mweusi. Itosu alipunguza maelezo ya matumizi kwa ajili ya watoto wa shule. Hakukusudia watu wazima nao wayakose. Mgawanyo wa kihon, kata na kumite ulibuniwa ili kurahisisha ufundishaji wa watu wengi kwa wakati mmoja, na kwa kazi hiyo umefaulu kupita matarajio ya waliouanzisha. Mbinu zenyewe zilikuwa kitu kimoja kabla ya kugawanywa, na mwalimu anayetaka kufundisha karate nzima hana budi kumwonyesha mwanafunzi jinsi ngumi ya kihon, kifungu cha kata na jibu la kumite vinavyotokana na mwondoko mmoja.